Mwizi na mgambo baharini: mchezo upi wa mezani ukufae?

Mbalamwezi ikishakuwa kubwa, mvuvi wa dagaa wa Kigoma hana kazi. Taa haiwavuti samaki mbele ya mwezi, kwa hiyo mitumbwi ya Kibirizi hupumzika, nyavu hushonwa, na rafiki yangu mmoja, ambaye hapa nitamwita Nahodha kwa kuwa mezani ndivyo anavyoitwa, hupata kama wiki nzima ya kulala nchi kavu. Hiyo ndiyo wiki yetu ya kucheza. Mkewe hutuletea kahawa na kutukumbusha kwamba wanaume wengine wakipumzika hulala.

Tunachocheza ni vita vya baharini vya mezani, na hasa aina moja tu: upande mmoja una meli moja au chache zinazovamia meli za biashara, upande wa pili una manowari nyingi zinazomsaka mvamizi huyo. Sisi tunauita mwizi na mgambo. Nimekusanya michezo minne ya dukani, na mmoja tumejitengenezea kwenye daftari. Kila anayetukuta tumeinamia ramani huuliza lile lile: nami nikitaka kuanza, nitafute upi? Picha ya kwenye boksi haitamjibu, kwa hiyo acha niipambanishe hapa.

Kipimo changu cha kwanza si idadi ya meli wala uzuri wa ramani. Nauliza: mchezo huu unamfichaje mwizi? Maana mchezo wa aina hii ukiondoa kutojua, kinachobaki ni drafti yenye picha za meli.

Hilo nililielewa kwa habari ya Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyokuwa Dar es Salaam mwaka 1914. Ilitoka bandarini tarehe 31 Julai, vita vikiwa bado kutangazwa na Uingereza, ikazitoroka manowari za Kiingereza zilizokuwa zikiinyemelea. Tarehe 6 Agosti ikakamata City of Winchester, meli ya mizigo iliyobeba chai, huko juu karibu na Oman. Halafu kimya. Waingereza walikuwa wamenunua makaa ya mawe ya pwani ya Msumbiji ili isipate ya kuchoma, na meli ya mvuke isiyo na makaa ni jengo linaloelea. Ikajificha kwenye mikono ya Rufiji. Tarehe 20 Septemba ikaibuka ghafla Zanzibar, ikaipiga na kuizamisha Pegasus, manowari ya Kiingereza iliyokuwa imesimama kutengenezwa mitambo, kisha ikarudi mafichoni. Haikutoka tena. Meli moja ya biashara, manowari moja, basi. Lakini kwa ajili yake Waingereza walifunga meli kadhaa kwenye midomo ya Rufiji miezi na miezi, wakaleta ndege, wakaleta meli mbili za mizinga mizito zinazoweza kuelea kwenye maji haba, Severn na Mersey, mpaka tarehe 11 Julai 1915 wakaimaliza.

Mizinga yake 10 iliopolewa ikaendelea kupigana nchi kavu. Mmoja ulipanda treni mpaka hapa, mwisho wa reli, ukafungwa kwenye Graf von Götzen, meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwenye masanduku na kuunganishwa upya Kigoma. Wajerumani wenyewe waliizamisha tarehe 26 Julai 1916, ikaopolewa 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Kwa hiyo nikisema vita vya wavamizi wa biashara vilifika Kigoma sitii chumvi. Vilifika kwa reli, kipande kimoja.

Thamani ya mwizi, basi, haihesabiwi kwa meli alizozamisha peke yake. Inahesabiwa kwa idadi ya walinzi wasiolala. Mchezo unaomfanya mgambo asilale ndio ninaoutafuta.

Nianze na mkongwe. Bismarck wa kampuni ya Kimarekani ya Avalon Hill ulitoka mara ya kwanza 1962, ukafanyiwa marekebisho makubwa 1979. Nakala yangu ni ya mkono wa pili, pembe za boksi zimeliwa na panya wa nyumba ambayo sikuijua. Njia yake ya kuficha ni ile ya watoto wa shule waliokuwa wakichora miraba kwenye daftari la hesabu mwalimu akigeukia ubao: kila mmoja ana ramani yake asiyoionyesha, mgambo anataja mraba, mwizi anajibu kama yumo au hayumo. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kumfundisha mtu. Mpwa wangu wa kidato cha tatu alikuwa anacheza baada ya dakika kumi na tano.

Ubaya wake ni mambo mawili. La kwanza ni uaminifu. Mwizi akikosea kuandika mraba mmoja, kwa bahati mbaya au kwa bahati njema, mchezo mzima umeharibika na hakuna wa kuamua. Tuliwahi kugombana juu ya mraba mmoja mpaka kahawa ikapoa. La pili ni hadithi yenyewe. Bismarck, manowari ya Kijerumani, ilitoka Mei 1941 kwenda kuvamia misafara ya meli za mizigo katika Atlantiki. Tarehe 24 ikaizamisha Hood, manowari ya Kiingereza, tarehe 27 ikazamishwa yenyewe. Meli ya biashara haikugusa hata moja. Ni mwizi aliyekamatwa kabla ya kuvunja mlango. Kwa hiyo mchezo huu unakupa msako mtamu na vita vya mizinga mwishoni, lakini haukupi ile hesabu chungu ya mvamizi: nipige huu msafara mdogo na kujulikana nilipo, au niuache upite nisubiri mnono zaidi?

Hesabu hiyo utaipata kwenye Atlantic Chase wa Jeremy White, uliotolewa na GMT Games. Huu ndio nilioukalia zaidi, na nitauongelea kwa marefu kwa sababu ndio watu wanaouogopa bure.

Wenyewe unahusu manowari za Kijerumani za juu ya maji na Waingereza waliozisaka, 1939 hadi 1942. Ajabu yake ni kwamba hakuna kinachofichwa. Ramani ni moja, iko katikati ya meza, na vipande vyako vyote ninaviona. Ila badala ya kuweka meli mahali, unapanga vijiti vya mbao mstari mmoja kutoka inakotoka hadi inakoelekea. Mstari ule ndio kikosi chako. Kiko mahali fulani juu yake, lakini wapi hasa, hata wewe mwenyewe hujui bado. Ninapotuma manowari zangu au ndege kupekua, nikifaulu mstari wako unakatwa, unafupishwa, mpaka mwisho unabaki nukta moja, na hapo ndipo nimekupata. Na wewe ukijua nimekukaribia utaurefusha tena kwa kupotea.

Mimi hili lilinisumbua jioni mbili. Nahodha alilishika kabla sijamaliza kulieleza. "Mwalimu," akaniambia, "boti ikichelewa kutoka Kalya, sisi Kibirizi tunajua nini? Tunajua ametoka saa ngapi, tunajua anakuja huku, tunajua anafuata ufuko. Njia tunaijua. Alipo kwenye njia ndiko hatukujui. Akipita mtu akasema nimemwona kijiji cha Mgambo au Sigunga, njia inafupika." Nikafunga kitabu cha kanuni. Tangu siku hiyo nikimfundisha mtu mpya simwelezi Atlantiki. Namweleza boti iliyochelewa.

Kinachokufurahisha kama mwizi ni kwamba kila tendo linakuuza kidogo. Ukipiga msafara, umejitaja. Ukikimbia kwa kasi, vivyo hivyo, mstari unakuwa na alama zake. Kinachokuumiza kama mgambo ni kwamba una meli nyingi na bado hazitoshi, kwa sababu una misafara mitatu ya kulinda, na kila manowari unayoitoa kwenda kusaka ni mlango mmoja umeuacha wazi. Zamu pia haziendi kama za drafti, moja kwako moja kwangu. Anayeshika usukani anaweza kuendelea mpaka mambo yamgeuke. Kuna siku Nahodha alikaa karibu robo saa ananitazama tu navyofanya, na kila nilichofanya kilikuwa kinamfaa yeye.

Sasa gharama zake. Kwanza kanuni ni za Kiingereza na ni nyingi, ingawa kuna kijitabu cha mafunzo kinachokushika mkono hatua kwa hatua, na ukikifuata bila kurukia mbele utafika. Mimi nilikurupuka, nikalipia. Pili, unataka meza pana na nyumba isiyo na paka. Tumepoteza vijiti kadhaa, sasa njiti za kiberiti zilizopakwa wino ndizo zinasafiri na manowari za Mfalme. Tatu, mchezo mmoja kwetu huchukua saa moja mpaka tatu, na mtu anayehesabu michezo kwa idadi ya ushindi kwa jioni atachoka. Lakini kwa kuwa hakuna siri mezani, unachezeka hata peke yako bila kujidanganya, na boksi lina mazoezi ya mtu mmoja yaliyoandaliwa makusudi. Kwa mtu wa mji ambao wapinzani hawajai kiganja, hilo ni jambo kubwa.

Kinyume chake kabisa ni The Hunters wa Gregory M. Smith, wa mwaka 2013. Huu ni wa mtu mmoja tangu mwanzo. Wewe ni nahodha wa nyambizi ya Kijerumani, unaanza Septemba 1939, unapangiwa doria, unarusha dadu kuona kama umekutana na meli, unachagua topido ngapi na kwa umbali gani, usiku juu ya maji au mchana chini, halafu dadu inakuambia kilichotokea. Jina linasema wawindaji, lakini kadiri miaka inavyosonga wewe ndiye unayewindwa. Mei 1943 peke yake Wajerumani walipoteza nyambizi 41, na mchezo hauogopi kukufikisha kwenye mwaka huo. Kabla hujafika huko unakutana na topido zinazogonga chuma na kukataa kulipuka, jambo lililowatesa kweli manahodha wa mwanzoni mwa vita. Nilipiga meli moja kubwa ya mafuta topido nne, mbili zikawa bubu. Nilimlaumu fundi ambaye hayupo.

Unamfichaje mwizi? Haumfichi. Mwizi ni wewe, na unajijua ulipo. Kinachofichwa ni bahari: hujui nini kinakuja. Wanaokusaka si mtu, ni jedwali la namba, nalo jedwali halichoki wala halibabaiki. Kwa hiyo kama unatafuta kumzidi mtu akili, hapa hutampata. Maamuzi yako ni machache kuliko dadu zako. Lakini usiku ambao giza limerudi, Nahodha kashaingia ziwani na taa za dagaa zimetapakaa kule kama mji mwingine, The Hunters unanitosha. Doria moja ni muda wa kusubiri maharage yaive. Umeme ukikatika, taa ya sola na jedwali vinaendelea.

Kuna kitu nikiseme kuhusu kukaa kwenye kiti hicho. Kadi inakuambia umezamisha meli ya tani kadhaa, haikuambii waliokuwamo. Mwaka 1939 Langsdorff, nahodha wa manowari ya Kijerumani Graf Spee, alizamisha meli 9 za biashara bila baharia wa meli hizo hata mmoja kufa kwa shambulio lake, kwa sababu aliwatoa kwanza. Nyambizi hazina nafasi ya kubeba mateka, na vita vilipokaza hazikujaribu. Mpwa wangu hupenda kuimba tani zake. Simkatazi, ila huwa namuuliza majina ya zile meli, na akiwa nayo kwenye karatasi lazima ayasome kwa sauti.

Boksi la nne ni The Kaiser's Pirates, wa 2007, nao wa GMT. Huu ni wa karata, mpaka watu wanne, na unahusu wavamizi wa Kijerumani wa vita vya kwanza: Emden na wenzake. Kila mmoja ana meli za biashara za kulinda na ana wavamizi wa kuwatuma kwa majirani. Hauna ramani. Maficho ni mkononi mwako tu, kadi ambazo wenzako hawajaziona.

Kijiweni ndio unaopendwa kuliko yote, na ninajua kwa nini: una utani. Mtu akikuzamishia meli una zamu mbili za kumlipizia na usiku kucha wa kumtukana kwa heshima. Na roho yake haiko mbali na ukweli. Emden ilikuwa na mabomba matatu ya moshi. Wakaiwekea la nne la uongo ili ifanane na manowari ya Kiingereza, na tarehe 28 Oktoba 1914 ikaingia bandari ya Penang alfajiri ikiwa imevaa sura hiyo, ikazamisha manowari ya Kirusi, na ikiwa njiani kutoka ikazamisha ya Kifaransa. Huo ni uchezaji wa karata kabisa. Chini ya wiki mbili baadaye, tarehe 9 Novemba, Sydney ya Australia ikaikuta visiwa vya Cocos na mchezo ukaisha.

Lakini makaa yako wapi? Umbali uko wapi? Emden kwenye karata haichoki, haina haja ya kutafuta kisiwa cha kujificha ipakie makaa kwa mikono ya mabaharia waliokwisha kuchoka. Mgambo naye si kazi ya mtu. Anakuja kama kadi. Ukimfundisha mtu mchezo huu kwanza, atajua kutania. Kusaka hatajua. Nauweka chini ya mingine kwa kipimo changu, na bado ndio unaotoka kabatini mara nyingi zaidi. Sina la kujitetea.

Sasa wa daftari. Huu hauuzwi, na kwa wengi wenu ndio nitakaowashauri, kwa sababu maboksi haya yanatoka mbali. Langu la kwanza lilikaa wiki tano kwenye ofisi moja ya kupokea mizigo. Waliona dadu wakadhani ni vifaa vya kamari.

Wazo la kuwa na mwamuzi si langu. Mwaka 1942 jeshi la maji la Uingereza lilianzisha kituo huko Liverpool, chini ya Gilbert Roberts, ambako maofisa wa misafara walicheza vita vya nyambizi sakafuni kwa chaki na vijimeli vidogo, wakichungulia kupitia matundu kwenye mapazia ili waone kile tu ambacho ofisa angekiona akiwa baharini. Waliowaendeshea mchezo walikuwa wengi wao mabinti wa jeshi la maji, na mbinu walizozitengeneza pale zilipelekwa vitani. Chaki, sakafu, pazia. Nilipolisoma hilo niliona aibu kulalamika kwamba sina boksi.

Wetu unaendeshwa hivi. Unahitaji watu watatu: mwizi, mgambo na mwamuzi. Chora Bahari ya Hindi ya magharibi kwenye karatasi ya miraba, kutoka Aden mpaka Msumbiji, ukiweka Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na Rufiji, nakala tatu zinazofanana. Mwizi anaandika mwendo wake na kumpa mwamuzi, mgambo vivyo hivyo, na mwamuzi peke yake ndiye anayeona yote. Mwizi anapewa kete 24 za bao, ndiyo makaa yake. Kwenda polepole, mraba mmoja, kunakula kete moja. Kwenda mbio, miraba mitatu, kunakula tano. Akikutana na meli ya biashara, ambayo mwamuzi huiweka kwa siri kwenye njia za meli, anarusha dadu kuona amepata makaa gani: moja na mbili hakuna, tatu na nne mabaya, kete mbili, tano na sita mazuri, kete sita. City of Winchester ilikuwa na makaa, lakini hayakuwa ya kujivunia.

Mgambo ana meli sita, na kila moja lazima irudi bandarini ndani ya zamu nane. Habari za mashambulizi hazimfikii papo hapo. Mwamuzi anarusha dadu: tano au sita, meli iliyopigwa iliwahi kupeleka simu ya upepo, mgambo anaambiwa sasa hivi, vinginevyo anaambiwa baada ya zamu tatu. Kanuni hiyo moja ndiyo mchezo. Mgambo anakimbilia mraba ambao mwizi aliuacha juzi, na anajua kwamba aliuacha juzi, na hana pengine pa kwenda.

Alama: mwizi anapata moja kwa kila meli ya biashara, na nusu kwa kila zamu ambayo mgambo ana meli zaidi ya tatu nje ya bandari. Tuliongeza hiyo nusu baada ya kugundua kwamba bila hiyo, kujificha Rufiji hakuna maana, wakati kihistoria ndiko kulikokuwa na maana kuliko kote.

Siku moja tulibadilisha ramani kidogo tukacheza Graf Spee. Novemba 1939 ile meli iliingia Bahari ya Hindi, na tarehe 15 ikazamisha meli ndogo ya mafuta, Africa Shell, jirani kabisa na pwani ya Msumbiji, mahali ambapo habari isingekosa kufika. Ndivyo ilivyokusudiwa: wasakaji watazame huku, yenyewe irudi Atlantiki. Nahodha hakuwa anaijua habari hiyo. Alikuwa mwizi, amebakiza mafuta kidogo, na akapiga kijimeli cha alama moja mbele ya macho ya Msumbiji makusudi. Mgambo, yaani mimi, nikatuma meli nne kusini. Alama zake alikwenda kuzichuma karibu na Aden. Nilipomsimulia ya Langsdorff alicheka akasema huyo alikuwa mvuvi. Nikamsimulia na mwisho wake: Desemba 13 kwenye mlango wa mto Plate, Amerika Kusini, alipigana na manowari tatu, Exeter, Ajax na Achilles, akaingia Montevideo kutengeneza, akaaminishwa kwamba nje kuna kikosi kikubwa kinamsubiri, na tarehe 17 akaizamisha meli yake mwenyewe. Kikosi hicho kikubwa kilikuwa bado hakijafika. Nahodha hakucheka tena. Aliniuliza kama mwamuzi anaruhusiwa kusema uongo.

Haruhusiwi, na hapo ndipo udhaifu wa daftari ulipo. Kila kitu kinamtegemea mtu wa tatu mwenye subira na mdomo uliofungwa. Wetu ni mpwa wangu, anayelipwa soda, na uso wake hauwezi kuficha kitu. Mgambo mzoefu haangalii ramani, anamwangalia yeye.

Kwa hiyo, ukiniuliza uchague upi, nitakuuliza kwanza una nani. Una mtu mmoja makini ambaye atarudi wiki ijayo na wiki ile nyingine: tafuta Atlantic Chase, vumilia jioni mbili za mwanzo. Una mtu mmoja ambaye hujui kama atarudi: Bismarck ukiupata, na mkubaliane mapema kwamba miraba inaandikwa kwa wino. Uko peke yako na unataka hadithi: The Hunters. Uko peke yako na unataka kufikiri: Atlantic Chase tena. Mko wanne na kuna kelele, chukua karata. Mko watatu na mfuko mtupu, daftari, na nakuhakikishia hutajiona umepunjwa. Mwenye kompyuta kuna programu ya bure iitwayo Vassal inayokuwezesha kucheza michezo mingi ya aina hii na mtu aliye mbali. Mimi huitumia kwa nadra, maana hapa intaneti na umeme havipendi kuja siku moja.

Usinunue miwili kwa mpigo. Nimeona maboksi yakizeeka yakiwa na nailoni yake.

Mwezi umeanza kupungua, na jana Nahodha alikuwa anajaza mafuta ya injini. Tumeacha Atlantic Chase mezani kama ulivyo, umefunikwa kwa kanga. Mstari wangu unatoka Brest, una vijiti vinne na njiti mbili za kiberiti, na wake umeukata mahali pamoja tu. Amenionya nisiguse.